Ukuta wa Nje na Mguu wa Masanja

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya maabara, nami nimekubali kwa sharti moja: nitaandika kama mambo yanavyonijia. Anayetaka kumbukumbu zilizopangwa mwaka kwa mwaka amwendee Kabula. Yeye ana vyeti ukutani, kila kimoja na fremu yake, na ukikaa sebuleni kwake utavisoma vyote kabla chai haijaletwa. Mimi nimekaa pale mara mbili tu, na mara zote mbili nilivisoma.

Naitwa Luhende. Nimepima damu, mkojo, makohozi na usaha wa watu wa Bariadi tangu tukiwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga hadi tukapata mkoa wetu wenyewe. Hospitali sitaitaja. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani ambayo ilikuwa imeganda saa nne na robo, na mpaka leo iko hapo hapo. Kabula alipoacha kazi ya serikali, tena kwa hiari yake, aliagwa kwa mbuzi wawili. Nyama ile nilikula, na sikuisikia utamu.

Niseme mapema msije mkadhani naficha: nilimwonea wivu mwanamke huyo maisha yangu yote ya kazi, na bado namwonea. Wapo watakaowaambia kwamba wivu humtia mtu bidii. Labda kwao. Mimi ulinitia upofu kwenye jicho lile lile nililokuwa nikichungulia nalo hadubini, na aliyeumia ni mtu ambaye hata hakuwa na habari na ugomvi wetu.

Kwanza niwape kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa nilikosea wapi.

Aliyenifundisha ni Mzee Sayi. Kiingereza chake kilikuwa maneno yaliyoandikwa kwenye chupa, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na usaha aliopaka kwenye slaidi ungeweza kuuweka juu ya gazeti ukasoma herufi zilizo chini yake. Kumbukeni hilo. Mkipaka nene, mnaona kiza kitupu. Slaidi ikauke kwa hewa, siyo kwa moto. Ikishakauka ndipo uipitishe juu ya taa ya spiriti mara tatu, kisha uiguse kwa mgongo wa kiganja. Ikikuunguza, umeshawachoma bakteria, hakuna utakachopima.

Saa ya maabara hatukuwa nayo. Iliyokuwepo ilichukuliwa na mtu wa stoo, akasema anaitengeneza, akahamishwa nayo. Kwa hiyo Mzee Sayi alipima muda kwa salamu. Ninyi mnaambizana "mambo" mkaachana, lakini salamu ya Kisukuma inataka nafasi. Unamwaga rangi ya zambarau juu ya slaidi, halafu unasalimia kimoyomoyo salamu nzima: mwangaluka, mhola, nyumbani hawajambo, watoto, ng'ombe, mvua imefika kwenu, wewe ni wa kwa nani, baba yako ni yule wa Sola au yule mwingine. Mkishafahamiana hapo dakika imetimia, unaosha. Unamwaga aidini, unasalimia tena salamu nzima. Spiriti ndiyo yenye hatari, kwa hiyo ina salamu fupi: unatoa mwangaluka, unaitikiwa mwangaluka, unauliza mhola, unajibiwa mhola. Basi, maji. Mwisho rangi nyekundu, na salamu nzima ya kumalizia.

"Usisalimie kama mtu anayekimbilia basi," alikuwa akinikemea. "Na ukiuliza, subiri ujibiwe. Hata kama ni wewe mwenyewe unayejijibu."

Mnaweza kucheka. Siku moja mkaguzi alikuja na saa yake ya mkononi akamsimamia, na Mzee Sayi hakupishana naye.

Jambo lake la pili lilikuwa shahidi. Kwenye pembe ya kila slaidi alipaka kidoa cha kinyesi, maana kinyesi siku zote kimejaa bakteria ambao lazima watoke wekundu. Ninyi mna chupa za kununua kwa kazi hiyo. Sisi shahidi wetu alipatikana bure. Kabla ya kumtazama mgonjwa unamtazama shahidi. Akiwa mwekundu, endelea. Akiwa zambarau, ujue spiriti haikufanya kazi yake na slaidi nzima inadanganya. Itupe, anza upya, usimwambie mtu.

Sasa, kwa nini wengine wanabaki zambarau na wengine wanageuka wekundu? Wale wa zambarau wana ukuta mmoja mnene, rangi ikishaingia haitoki kirahisi. Wale wekundu wana ukuta mwembamba, halafu nje yake wamejifunika ukuta mwingine wenye mafuta. Spiriti inautoboa ule wa nje, zambarau inakimbia, nyekundu inashika nafasi. Na ukuta huo wa nje si pambo. Una vilango vyembamba vya kupitishia chakula, na dawa nyingi haziwezi kupita pale. Kwa hiyo tulipomwandikia daktari "zambarau" au "nyekundu", tulikuwa tunamwambia dawa gani itaingia na ipi itabaki nje inagonga mlango. Wakati huo mimi nilijua hivyo tu, kwamba vilango vipo. Nani anavijenga na kwa namna gani sikujua, wala sikuuliza.

Kabula alikuja kwetu na diploma. Binti mdogo, mpole, mtoto wa watu wa Nkoma kwenye pamba. Wiki ya kwanza alinisalimia kwa kupiga goti, wiki ya pili akanionyesha kwa adabu kwamba lensi yangu ya mafuta ilikuwa na ukungu. Ilikuwa nayo kweli. Nilikuwa nikiutazama ukungu ule kwa muda mrefu nikiuandika kama vimelea. Tangu siku hiyo daktari wetu, mtu mrefu wa Kilimanjaro ambaye hakuwa na maneno mengi, akawa akipokea majibu yangu anauliza, "Kabula ameyaona?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini kila alipouliza niliona nimeshushwa, nami namzidi yule binti umri na miaka ya kazi.

Ndipo ikaja ruksa. Wakubwa wenu wanaiita soko huria, sisi tuliiita ruksa, maana kila kitu kilikuwa ruksa. Nkoma na Maswa wakaingia wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na mzani wake na lori lake. Maduka ya dawa yakaota mjini kama uyoga. Na Kabula, huku mimi nikiwaza kwamba sasa ataondoka aniachie nafasi, akaondoka kweli, akaenda kufungua maabara yake mwenyewe hatua chache kutoka stendi. Sakafu ya marumaru. Kibao kilichoandikwa na mtu anayejua kuandika. Hadubini yenye taa ndani yake, wakati mimi bado nageuza kioo kutafuta jua, na mawingu yakitanda nafunga kazi. Watu wenye pesa ya pamba wakawa wanapita mbele ya dirisha langu kwenda kwake. Wengine walinipungia mkono.

Nilifanya upuuzi mwingi siku hizo. Mmoja nitawaambia. Nilitia chai kwenye chupa ya mkojo nikampa binamu yangu aipeleke kwa Kabula, nimtie aibu mji mzima. Majibu yakarudi jioni yamekunjwa vizuri: "Tangawizi ipo, sukari imezidi, majani hayatoshi. Mgonjwa aongezewe andazi. Msalimie kaka Luhende." Binamu yangu aliyasoma kwa sauti kwenye kilabu cha pombe.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Mzee Sayi. Alikuwa amestaafu, homa ikamshika. Nikamwandalia kiti na slaidi mbili safi nikimngoja. Nikasikia amepimwa kwa Kabula. Nilimfuata nyumbani.

"Mzee, umenipita?"

"Macho yako yamechoka siku hizi, Luhende. Unatazama kitu kingine."

Nilirudi kazini nikiwa na hasira na wote wawili, na nilikuwa bado nayo juma lile alipoletwa Masanja.

Masanja alikuwa kijana wa Nkoma, mwenye mke na mtoto mmoja wa kunyonya. Alikuwa akipeleka pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe, gurudumu likaingia shimoni, mzigo ukapinduka na chuma cha mkokoteni kikampasua muundi wa mguu wa kulia hadi mfupa ukaonekana. Walikaa na kidonda nyumbani siku kadhaa, wakapaka dawa za majani, wakapaka mafuta ya ng'ombe. Alipofika kwetu mguu umevimba hadi gotini, unatoka usaha. Daktari akaniletea usaha ule yeye mwenyewe.

"Huyu nataka nijue ni nini, tena leo," alisema. "Tukichelewa, ule mguu naukata."

Kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa mkononi mwangu. Mama yake Masanja naye alikuwa na pesa kidogo ya pamba, na kama watu wote wa siku zile, hakuamini kitu cha bure. Akamwita Kabula aje wodini achukue usaha wake apime kwake. Niliposikia kwamba tunapima mgonjwa mmoja siku moja, mimi na yeye, niliona hii ndiyo siku yangu. Nilitaka jibu langu lifike mezani kwa daktari kabla ya la kwake.

Nilipaka vizuri. Nilipaka na shahidi pembeni, kwa mazoea tu. Nikamwaga zambarau, nikasalimia yote. Aidini, yote. Nikamwaga spiriti, nikaanza ile salamu fupi kimoyomoyo, mwangaluka, na hapo hapo sauti ikatoka mlangoni.

"Mwangaluka, kaka."

Ni Kabula. Alikuwa anatoka wodini na kichupa chake, amepita kunisalimia kama mtu aliyelelewa vizuri. Viatu vyake vilikuwa vipya. Kwa mila zetu hata adui yako akikusalimia unaitika. Mimi sikuitika. Na kwa kuwa sikutaka asimame pale akinitazama mkono, wala sikutaka kutamka hata kichwani neno ambalo lilikuwa lake, nikamwaga maji. Spiriti ilikuwa haijakaa hata nusu ya muda wake.

"Haya, kaka. Kazi njema," akasema, akaenda zake.

Nilipoichungulia ile slaidi nikaona vijiti, vingi, zambarau safi. Moyo ukaniruka kwa furaha. Kidonda cha udongo, vijiti vya zambarau: kila mtu wa maabara anajua hiyo ni ile jamii ya bakteria wa udongoni wanaoozesha nyama, na PPF nyingi, ile penisilini ya sindano, ndiyo dawa yake. Nikaandika, nikapeleka mbio. Daktari akaanza sindano za PPF mchana ule ule. Shahidi sikumtazama. Nilienda moja kwa moja kwa mgonjwa.

Kesho yake asubuhi daktari aliingia maabara na karatasi mbili.

"Kabula anasema vijiti vyekundu. Anasema PPF haitaingia, nimpe jentamisini. Wewe umesema zambarau. Jentamisini niliyonayo ni kidogo, kuna kichanga kinaihitaji. Sitaki kuifuja. Tazama tena uniambie, ipi ya kweli?"

Nikaitoa slaidi kwenye sanduku la mbao, nikatia tone la mafuta, nikageuza kioo hadi jua likakaa. Nikaisogeza hadi pembeni. Shahidi alikuwa zambarau. Kinyesi kizima kilikuwa zambarau, kitu ambacho hakiwezekani. Nilijua pale pale, kabla sijainua kichwa, kwamba slaidi yangu ni ya uongo na Kabula amepatia. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu anangoja. Ningeweza kusema, "Daktari, nipe nusu saa nirudie." Maneno matano. Kichwani mwangu nikamwona Kabula anaambiwa, "Luhende amekiri." Nikawaona wale wa kilabuni.

"Yangu," nikasema.

"Una uhakika?"

"Yangu, Daktari. Yeye amezidisha spiriti. Ana haraka siku hizi, wateja ni wengi."

Akaondoka, PPF ikaendelea.

Siku mbili. Nataka mjue jinsi mtu anavyoishi siku mbili za namna hiyo. Nilikuwa nakula. Nilikuwa napima minyoo ya watoto na kutania wauguzi. Nilijiambia huenda Kabula kweli amezidisha spiriti. Huenda kinyesi cha siku ile kilikuwa cha ajabu. Siku ya pili jioni nikapita karibu na wodi, nikakutana na mama yake Masanja anatoka kufua bandeji. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya kijani, rangi ambayo baadhi ya vijiti vyekundu huiacha kwenye usaha. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye nimepata ugonjwa wa mwanawe.

"Wabeja, baba," alinishukuru, akainama. "Wabeja sana. Mungu akuzidishie."

Sikulala vizuri, na asubuhi nikaomba usaha mpya. Nikasalimia salamu zote hadi mwisho, nikamtazama shahidi: mwekundu. Nikamtazama mgonjwa: vijiti vyekundu, uwanja mzima. Nikampelekea daktari. Na hapo pia, wanangu, sikusema ukweli. Nilisema, "Vimelea vimebadilika. Wameingia wengine."

Alinitazama kidogo. "Vimebadilika," akarudia, akaandika jentamisini.

Dawa ilifanya kazi, homa ikashuka. Lakini mfupa ulikuwa umeshaoza, na juma lililofuata waliukata mguu chini ya goti. Mji mzima ukasema Kabula ndiye aliyemwokoa Masanja asife, maana yeye ndiye aliyesema mapema. Hata hapo, na mguu wa mtu umeshafukiwa nyuma ya hospitali, niliumia kwa sababu wanamsifu yeye. Nawaambia ilivyokuwa, siyo ninavyotaka mnione.

Siku chache baadaye Kabula alikuja kuazima maji yaliyochemshwa na kuchujwa. Nilimpa kisogo nikimjazia dumu. Nilipogeuka alikuwa ameinama kwenye hadubini yangu na sanduku la slaidi limefunguliwa. Alitazama muda mrefu. Nikaona vidole vyake vinasogeza slaidi taratibu kuelekea pembeni, alipokaa shahidi. Kisha akaitoa, akaifuta mafuta, akairudisha kwenye nafasi yake sandukuni. Akachukua dumu lake. Hakusema kitu, siku ile wala nyingine. Afadhali angenitukana.

Miaka ikaenda. Kabula akaenda kusoma, akarudi, akaenda tena. Nilistaafu, nikapewa ile saa. Mwaka jana watu wa maabara wa mkoa walikutana Bariadi ukumbini, nikaalikwa na wazee wenzangu kwa ajili ya heshima na soda, na mzungumzaji alikuwa nani kama si yeye. Amenenepa, amevaa miwani. Somo lake lilikuwa ule ukuta wa nje, na nani anavijenga vile vilango.

Nilikaa nyuma nikitafuta kosa. Sikulipata. Alieleza kwamba kila kilango ni protini yenye umbo la pipa, na kwamba protini hiyo hutengenezwa ndani kabisa ya bakteria, ikavushwa ukuta wa kwanza ikiwa bado kamba ndefu isiyokunjwa. Katikati ya kuta mbili kuna protini nyingine za kuisindikiza, zinaishika isijisokote ovyo njiani. Zinaifikisha kwenye mashine ya vipande vitano iliyokaa kwenye ukuta wa nje wenyewe. Kipande kikubwa nacho ni pipa, na lina ubavu unaoweza kufunguka. Kamba inaingizwa pale ubavuni, mkunjo baada ya mkunjo, kama mtu anayesuka kihenge hadi ufito wa mwisho unapokutana na wa kwanza. Hapo pipa jipya linajifunga, linaachana na mashine na kubaki ukutani. Mashine hiyo ikikwama, ukuta haujengeki na bakteria anakufa, ndiyo maana wataalamu wanatafuta dawa ya kuikaba. Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria: hata kile kipande kikubwa cha mashine hakijijengi. Kinahitaji mashine nyingine iliyokwisha kuwepo ikiunge na kukiingiza ukutani.

Nilimkumbuka Mzee Sayi, na mkono wake juu ya mkono wangu akinionyesha jinsi ya kupaka.

Halafu Kabula akaonyesha picha ya vijiti vyekundu. "Zamani, hapa hapa kwetu," akasema, "kulikuwa na mgonjwa aliyepewa dawa isiyopita kwenye vilango hivi. Slaidi ilikosewa kidogo kwenye spiriti. Linaweza kumtokea yeyote kati yetu." Hakunitazama. Ukumbi wote ulimpigia makofi, na mimi nikapiga. Nilimwonea wivu kwa elimu yake, na nikamwonea wivu zaidi kwa namna alivyonisitiri mbele za watu, maana mimi nisingemsitiri.

Juma lile nilipanda gari kwenda Nkoma.

Masanja ni mtu mzima sasa. Ana gongo lake la mti wa mkwaju alilolichonga mwenyewe, ana ng'ombe wachache na shamba la pamba linalolimwa na watoto. Mkewe aliniwekea kigoda uani. Aliyeniletea maziwa ya mgando ni binti yake mkubwa, na baba yake akamwita kwa jina: Kabula. Alizaliwa miaka mitatu baada ya mguu kukatwa. Nilipokea kibuyu na, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu hadi yule binti.

Nikamweleza yote. Salamu nisiyoitika, shahidi, daktari na karatasi mbili, "yangu", zile siku mbili, na uongo wa vimelea kubadilika. Kuku walikuwa wanachakura karibu na gongo lake.

"Siku mbili," akasema.

"Siku mbili. Na ile ya kwanza, tatu."

"Dawa ingeingia siku ile ya kwanza, mguu ungebaki?"

"Siwezi kuapa. Nadhani ungebaki."

"Na Kabula alijua?"

"Alijua. Aliiona slaidi."

"Amekuja hapa mara nyingi. Amekula hapa. Binti amempa jina. Hakuniambia." Akanigeukia. "Umeniambia wewe."

Niliposikia neno lile nikafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kulikuwa na jambo ambalo mimi nimelifanya na Kabula hakulifanya. Nilifurahi nikiwa nimekaa mbele ya mguu wenyewe. Nadhani aliiona furaha hiyo usoni mwangu, maana alinitazama kwa namna nyingine.

"Kwa nini hukumwambia daktari?" akauliza.

"Wivu."

"Wivu wa nini? Alikuchukulia mke? Shamba?"

"Hapana. Alikuwa anapima vizuri kuliko mimi."

Masanja aliangalia chini, pale suruali yake ilipokunjwa na kushonwa.

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu," nikamjibu.